Mbwa wa Benchi

Benchi letu liko mbele ya duka la Bibi Kabichi, pale basi la mlimani linapogeuzia. Kwa kweli ni kitanda cha mbao kilichotandikwa mkeka wa plastiki, na wazee wenyewe wanakikalia hata Desemba hii ambapo mate yanaganda kabla hayajafika chini, wanakunywa kahawa ya paketi iliyokwishachanganywa maziwa na sukari, kwenye vikombe vya karatasi vidogo kama vya dawa. Asubuhi hiyo nilifika mbio, mwanangu Garam mgongoni, miaka minne tu, mkono umefungwa kitambaa, kwa sababu jana jioni Njano alimng'ata. Njano ndiye mbwa wa benchi, analala chini yake na anakula kwa kila mtu, hajawahi kumgusa hata kuku, na sasa alikuwa amefungwa nyuma ya duka, mate yanamtoka kama uzi, na bakuli la maji ukimsogezea anarudi nyuma anatetemeka.

– Basi linaondoka saa ngapi? niliuliza.

– Saa nne, kama siku zote, alisema Sajini, ambaye jeshi alishaliacha miaka ishirini lakini kofia hajaiacha. Kaa chini, Mama Garam. Unahema kama umefukuzwa.

– Nampeleka hospitali. Isije ikawa kichaa cha mbwa.

– We! Usitaje hayo mbele ya duka langu, alisema Bibi Kabichi. Ile soya yangu ya kusaga niliyompaka kidondani jana bado ipo?

– Nimeiosha, Bibi. Nimeosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba mpaka mkono wa mtoto umekuwa mwekundu.

– Umeiosha! Mimi nimeng'atwa mara tatu maishani, nikapaka soya iliyochacha, na si unaniona?

– Tunakuona, alisema Redio. Ndiyo maana tunaogopa.

Redio anaitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Walicheka, mimi sikuweza.

– Yule kamezwa na mfupa, alisema Sajini. Mfupa umekwama kooni, ndiyo maana hanywi.

– Mfupa ndio unamezwa, Sajini, si mbwa, alisema Redio. Huyo ana mapenzi. Tangu wauze yule jike wa kiwanda cha mbao hajawa sawa.

– Mapenzi yanatoa povu?

– Mimi yalinitoa.

– Tokeni hapa na upuuzi wenu! Ni vile vipaza sauti vya jeshi la ng'ambo ya mpaka, alisema Bibi Kabichi. Wakipiga kelele zao usiku, sisi hatusikii vizuri, mbwa anasikia zote. Ubongo unachemka.

– Mbona wa kwako haujachemka? alisema Redio.

– Sikio lake lile, nilisema, lile lililochanika mwezi uliopita, si aling'atwa na yule mnyama wa msituni, yule mfupi mwenye macho kama yamepakwa masizi? Sajini, si wewe ulisema amepigana kama kamanda?

– Alipigana kweli, alisema Sajini taratibu. Nilimpa nyama.

– Kwa hiyo mlikuwa mnamtunza au mnamchezea tu? niliuliza.

Hapo wakakasirika, wote kwa pamoja.

– Nani kamtandikia majani makavu baridi hii? alifoka Sajini. Nani anamwaga barafu kwenye bakuli kila alfajiri na kumtilia maji ya vuguvugu?

– Na vuli yote, nani alimtoa kupe? alisema Redio. Kwa kibano, mmoja mmoja, miwani puani!

– Kiangazi alilala kwenye kivuli changu, mbele ya feni yangu, alisema Bibi Kabichi. Wateja walisimama juani, mbwa kwenye feni!

– Na mimi pia, nilisema, mimi nilikuwa namtolea vitunguu kwenye mabaki, maana nilisoma shuleni kwamba vinamuua.

Dereva wa basi alikuwa amesimama kando na kikombe chake. Ni mgeni, ana wiki moja tu kwenye njia hii. Alimtazama Garam, akatazama kitambaa.

– Samahani wazee wangu. Nimesikia kiangazi, vuli na baridi. Aprili nani alimpeleka chanjo?

Redio akamtazama Sajini. Sajini akamtazama Bibi Kabichi. Bibi Kabichi akanyanyua birika akamimina, hakikutoka kitu, akaendelea kuliinamisha vilevile.

– Si ulimpeleka wewe? alisema Redio.

– Mimi nilidhani Bibi, maana analala kwake.

– Kwangu? Analala chini ya benchi!

Aprili mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwenye kipaza sauti, asubuhi na mapema, mara mbili, kila mwenye mbwa amlete uwanjani, sindano ni bure. Kijiji kizima kilisikia. Nilikuwa naanika blanketi la Garam, Njano amelala miguuni pangu, na nakumbuka nilivyomwambia, leo watakupeleka.

– Panda, mama, alisema dereva. Hatungoji saa nne. Ukifika waambie mbwa hana chanjo, na hilo sikio waambie. Sindano ya mtoto ni leo, si kesho. Na nyie msimguse yule mbwa, pigeni simu kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

Sajini alivua kofia, akawa anaishika tu.

Nilipanda. Garam aliegemeza shavu kwenye kioo akauliza kama tukirudi Njano atakuwepo. Nilimvuta kofia ikamziba masikio.

Kabla ya kuwasha, dereva alizunguka nyuma akagonga bati la injini kwa ngumi, mara tatu, akasubiri. Paka mmoja wa kijivu alichomoka kwenye joto, akakimbilia chini ya benchi, kwenye majani makavu ya Njano. Dereva hakuuliza ni wa nani. Alirudi, akafunga mlango, tukaondoka.