Pikapu ya Ngassa Mbele ya Mkaguzi

Benchi letu liko ng'ambo ya uwanja wa mpira, Kilosa mjini, na kahawa ninayouza ndiyo inayowaweka watu pale. Ilikuwa miaka ya ruksa, magari yaliyochoka nchi za wenzetu yalipoanza kuletwa kwetu kama nguo za mitumba. Wenye benchi lao ni wawili. Mudi tulimwita Gia Mbili, kwa sababu aliendesha trekta la shamba la mkonge nusu ya maisha yake na hakuwahi kukimbiza kitu. Lazaro alikuwa Redio, na sababu mtaiona. Siku hiyo walikaa na Ngassa wa Rudewa, mkulima na mfugaji, aliyeuza maksai wake wote wa kulimia akanunua pikapu ya dizeli abebe abiria na mizigo siku za mnada. Asubuhi, pale uwanjani, wakaguzi wa trafiki waliotoka Morogoro walishika karatasi nyeupe nyuma ya ekzosi yake, ikawa nyeusi tii. Wakamwambia airudishe alasiri. Moshi usipopungua, wanang'oa namba.

Gia Mbili: — Sasa Ngassa, sema kweli. Gari umelifanya nini?

Ngassa: — Sijalifanya kitu. Nililipumzisha tu. Tangu Ijumaa lilikuwa uani kwako, sikuliwasha mpaka leo asubuhi, nililifunika turubai lisipigwe na umande.

Gia Mbili: — Kulipumzisha kwa ajili gani?

Ngassa: — Maksai ukitaka kumpeleka mnadani si unampumzisha? Akifika mbele ya mnunuzi anapumua vizuri.

Redio: — Jamani! Kwani hilo lina mapafu?

Ngassa: — Mbona linakohoa?

Gia Mbili: — Dizeli ikilala siku nyingi inaamka na makohozi. Ungelitembeza hata mpaka Chanzuru ukarudi, lipate joto kwanza.

Ngassa: — Nilitembeze sasa hivi.

Gia Mbili: — Wapi? Si wamekukataza kugusa barabara?

Redio: — Achana naye huyo. Mimi nakwambia huo moshi siyo wako. Gari limetoka Japani na moshi wake wa huko, bado uko ndani. Waambie wakaguzi wamfuate mwenye gari wa kwanza.

Gia Mbili: — Moshi unakaa miaka yote hiyo unasubiri nini?

Redio: — Na masizi ya sufuria ya Mama Regina je? Ya leo yale?

Mimi: — Sufuria zangu nazisugua kila siku, Lazaro. Ziache.

Redio: — Basi hilo ndilo jibu! Tunasugua. Majivu na ndimu, tunamimina ndani ya injini.

Mimi: — Majivu ndani ya injini? Kunywa kahawa, baba.

Redio: — Basi maziwa. Mtu akinywa sumu anapewa nini? Maziwa!

Ngassa: — Mabichi au ya mgando?

Alikuwa hatanii. Nilimwangalia usoni nikaona kwamba mtu yule angemimina chochote atakachoambiwa.

Nikamwambia: — Baba Dotto, nenda pale uwanjani, waambie gari lilikuwa baridi. Waombe uliwashe mbele yao likae linaunguruma, kisha walipime tena.

Ngassa: — Nikaseme nililipumzisha? Wale mabwana watanicheka mpaka Morogoro.

Gia Mbili: — Hakuna kwenda kulia kwa polisi hapa. Kule shambani trekta likifuka, msimamizi akiwa njiani, tulikuwa tunasokomeza katani kwenye ekzosi. Moshi unachujwa kama chai.

Mimi: — Na msimamizi hakugundua?

Gia Mbili: — Alikuwa hashuki kwenye gari lake.

Wakasokomeza katani. Gia Mbili alisukuma kwa mpini wa jembe, Redio akitoa maelekezo. Ngassa akawasha, akavuka kwenda uwanjani, sisi tukabaki kwenye benchi tukitazama.

Pale foleni ilikuwa ndefu. Gari likaunguruma muda wote huo. Zamu yake ilipofika mkaguzi akainama nyuma na karatasi yake, akasema kanyaga mafuta. Pikapu ikabana, ikatetemeka, halafu katani ikafyatuka ikiwaka moto na kumpiga mkaguzi kwenye suruali nyeupe ya kazi. Hakuungua. Alijipangusa, akatazama tundu jeusi kwenye suruali, akaomba bisibisi ya kung'olea namba.

Kilichoniuma ni kwamba kwa wakati huo injini ilikuwa imepata joto. Ekzosi wazi, moshi ulikuwa mwembamba kuliko wa jiko langu. Lakini hakuna aliyeshika karatasi tena.

Ngassa alirudi kwa miguu.

Ngassa: — Ningesema tu lilikuwa baridi. Wangecheka, wangemaliza.

Gia Mbili: — Katani ilikuwa kavu mno. Ya kwetu ilikuwa mbichi.

Ngassa: — Kaka, nyamaza.

Redio: — Usivunjike moyo. Watarudi hao.

Ngassa: — Lini?

Redio: — Mwakani, nafikiri. Au watapita Mikumi kwanza.

Hapo ndipo alipotokea Marciana, mke wa Ngassa, miguu imejaa tope hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka Rudewa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Alilitazama gari uwanjani, halina namba mbele wala nyuma. Hakuuliza imekuwaje. Alimgeukia mumewe.

— Baba Dotto, mvua imenyesha usiku kucha. Wenzetu wote wako shambani tangu alfajiri. Sisi tunalima na nini?

Gia Mbili akashika kikombe kilichokwisha kahawa. Ngassa alikuwa anaangalia mikono yake.

Marciana alingoja kwa heshima, kama mtu anayeamini kwamba wanaume watatu hawawezi kukosa la kusema. Kisha akaja upande wangu wa jiko, akasema taratibu:

— Mama Regina, duka la majembe ya mkono liko wapi?

— Nyuma ya soko, mlango wa kijani. Wahi, wanakaribia kufunga.

Akaenda. Ngassa akainuka kumfuata.