Mama Pindo na Mfereji wa Mitaa Miwili

Ndugu waombolezaji, viongozi wa mitaa yote miwili, kwa niaba ya familia naomba mnisikilize kidogo, mimi mdogo wake wa kufuatana, niwaeleze maisha ya dada yetu ambaye wengi mlimwita Mama Pindo, kwa kuwa suruali ikishapita mikononi mwake haikurudi kwa fundi mwingine.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa tatu wa fundi seremala, akasoma hadi darasa la saba, akajifunza ushonaji kwa shangazi yetu, na mwaka 1985 akafungua kibanda chake kando ya mfereji wa mtaa wa chini. Tarehe 14 Novemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu, wawili mnawaona hapa mbele.

Wa tatu, kitinda mimba wao, alichukuliwa na maji tarehe 21 Aprili 2004, akiwa na miaka sita, baada ya mvua kukuta mfereji umeziba kwa taka zetu wenyewe, na maji kusukumwa kwetu na ukuta uliojengwa na chama cha wakazi wa mtaa wa juu. Tulipotoka kuzika, vijana wa mtaa wa chini walimfuata na nyundo mkononi, wakitaka aseme neno moja tu, naye akawaambia, "Mkiuvunja leo, maji yatabeba mtoto wa kule. Ngojeni kwanza nikaongee nao."

Alikwenda mtaa wa juu na nguo zake za msiba, wakamwacha amesimama getini, akarudi tena na tena, huku nyuma watu wakinong'ona kwamba ameshanunuliwa, na shemeji, ambaye ameniruhusu kuyasema haya, akahamia kwa kaka yake, kwani hakuweza kula meza moja na mke anayewapigia hodi watu wale. Mwisho mwenyekiti wa mtaa wa juu, muuguzi mstaafu, alimfungulia, wakalia wote wawili, na mwaka uliofuata vyama vyetu na vikundi vya kila safu ya nyumba vikabomoa ukuta pamoja, vikachimba mfereji mpana, vikagawana zamu za kuuzibua, na tangu hapo maji hayajaingia nyumbani kwa mtu.

Mwaka 2021 alianza kuumwa tumbo, akalipuuza hadi alipoanguka kibandani, ikagundulika ni saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Shemeji alirudi, akamwogesha na kumlisha kwa mkono wake, hadi alipofariki wodini tarehe 3 Februari 2022.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani wa juu na wa chini mliobeba jeneza kwa kupokezana.

Shemeji ameshindwa kusimama, ameniomba nimsemee, kwamba hata pale wodini, mkewe alipomshika mkono na kumtazama kama anayesubiri neno, hakulitoa, na sasa anamwambia mbele ya watu: mama watoto, ulifanya vyema. Lala, dada, umechoka.