Dada Aliyemfukuza Bawabu

Ndugu waombolezaji, familia inaomba utulivu, karatasi hii imeandikwa na mdogo wa marehemu, fundi wa kunyoosha mabodi ya magari aliyeishia darasa la sita, hivyo mkionja chumvi imezidi, mjue chumvi ni ya mwandishi, chakula ni cha marehemu.

Dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1968, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mama yetu, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, na mkunga aliapa kwamba alitoka kabla maji hayajachemka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, lakini shule yake kubwa ilikuwa duka lile la cherehani sita, ambamo mama alikaa mlangoni, na kila fundi akimaliza mkono wa gauni alinyanyuka, akavuka chumba, akauliza, "Mama, sasa nini?", akajibiwa, akarudi. Juni 1979 homa ilimkausha mama sauti, dada akakalishwa kiti kile cha mlangoni akiwa na miaka kumi na mmoja, na kabla ya saa nne asubuhi alishachoka kuulizwa, akabandika kila nguo kikaratasi chenye hatua zake, akawaambia watu wazima wale, "Ukimaliza mpe anayefuata, mimi msiniulize," na magauni ya Ijumaa yakaisha Jumatano.

Alipata stashahada ya kompyuta mwaka 1991, na tarehe 3 Februari 1992 akaajiriwa benki ya damu, katika chumba chenye kompyuta nne zilizochoka na feni moja. Programu ya kumtafutia mgonjwa damu inayomfaa ilichukua dakika tisa, na anayevuja damu hana dakika tisa, hivyo Septemba 1996 mkurugenzi akatoa mwezi mmoja tu, ikishindikana kompyuta zitupwe, watu warudi kwenye kadi. Dada akagundua kwamba mgonjwa hasa ni mkalimani, yaani ile programu inayosoma amri moja moja na kuiambia mashine la kufanya, kwani ndani yake alikaa bawabu mmoja, kijisehemu cha kugawa zamu, na kila amri ikiisha ilirudi kwake kuuliza sasa nini, safari ikawa ndefu kuliko kazi. Lilikuwa duka la mama lile lile! Akamfukuza bawabu, akaifundisha kila amri kusoma inayofuata na kuirukia moja kwa moja, na zile zilizozoea kuongozana akaziozesha zikawa moja. Tarehe 27 Septemba, mkurugenzi akiwa ameshika saa, jibu likaja kwa dakika nne na nusu, na mdogo wake, ambaye miaka yote amewaambia watu ni dakika moja, leo mbele ya jeneza anajisahihisha. Kadi hazikutoka kabatini tena.

Mwezi ule nyumbani wimbo ulikuwa mmoja, mkalimani mvivu, mkalimani nitamnyoosha, hadi shangazi akaja juu, akataka huyo mwanamume anayemchosha binti yetu aje ajitambulishe. Dada, badala ya kueleza, akamleta fundi wa majokofu ya damu, aliyekuwa akimtolea macho siku nyingi, wakafunga ndoa tarehe 12 Julai 1997, na hadi leo shemeji yetu, yule pale mbele, huku ukweni anaitwa Mkalimani, ingawa anajua lugha moja, na hiyo pia haongei. Walijaliwa mabinti wawili, mwaka 1999 na 2002.

Tarehe 2 Novemba 2019 alitapika damu nyingi, akakimbizwa hospitali, na damu yake ni ya wachache. Mashine zilikuwa mpya, lakini mkalimani alikuwa yule yule wa dada, akaipata kabla machela haijavuka korido. Alipozinduka hakuuliza kama atapona, aliuliza zimetumika sekunde ngapi, muuguzi akasema kumi na moja, naye akasema, "Bado anazembea huyo." Tukapewa miaka minne na nusu, akawaona mabinti wote wawili wakihitimu, hadi ini lilipomshinda, akafariki Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mkalimani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioacha shughuli zao, wafanyakazi wenzake wa benki ya damu, na wale tusiowajua, waliotoa damu wasijue inakwenda kwa nani.

Dada, kazi ya chumba hiki umeimaliza, usirudi mlangoni kuuliza sasa nini, ruka moja kwa moja, upumzike kwa amani.