Ufunguo wa Mfereji na Mikono Miwili

Mheshimiwa Katibu Mtendaji wa Sekta. Pasteur wetu na Shehe wetu, mlioketi benchi moja. Ndugu wageni waalikwa. Bapapa na Bamaman wa ushirika wa mpunga wa Gikundamvura: nawasalimu wote, hata wale waliokuja kuhakikisha kwamba kweli ninaondoka.

Naam, leo mimi Mukamazimpaka naacha uenyekiti. Lakini kabla sijakabidhi ufunguo wa lango la mfereji, mtanisikiliza.

Mnakumbuka Uwineza, binti yetu, aliporudi kutoka masomoni kisiwani Bali, huko Indonesia? Alitueleza desturi ya wakulima wa kule. Wanaokunywa mfereji mmoja ni jamaa moja, inaitwa subak. Wanakutana hekaluni, wa juu na wa chini, wanatoa maua na wali, kisha wanapatana nani apande lini, na maji yapite wapi. Mlisema nini? "Maman, sasa tutapigia mayi magoti?" Pasteur akakunja uso, Shehe akakohoa. Nikawajibu: hekalu lao tuwaachie wenyewe, kikao chao tukiazime.

Tukatandika mikeka kando ya mfereji, kila mtu na sufuria yake. Watu wa juu walichelewa, na mwanangu Cyusa alikuja amekunja mikono, amenuna. Ndipo Patricie, ambaye shamba lake ni la mwisho kule chini, akaweka miche yake mkekani. Ilikuwa imekauka kabisa. Akasema, "Miye sina maneno. Muangalie tu." Nani kati yetu aliendelea kula? Jioni ile Cyusa alikwenda kufunga tawi lake la maji bila kuambiwa, na msimu ule Patricie akavuna. Nilifurahi kama mama, sifichi.

Lakini msimu mmoja bado si desturi. Nimesikia yanayosemwa sokoni: "Maman akitoka, ufunguo ni wa Cyusa, na ile mikeka yake tutaipumzisha." Hamtaipumzisha. Cyusa ni mtoto wangu, nampenda, na ni mchapakazi, ila shamba lake liko juu, maji yanamfikia hata akiwa amelala. Je, mtu wa namna hiyo atajuaje kwamba mfereji umekauka?

Uwineza, aliyesoma na Wakorea huko Bali, alituambia pia kwamba kwao Korea kitu cha heshima kinatolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu hata nyanya zetu walitufundisha hivyohivyo.

Basi, kuhusu ufunguo huu kamati ilikubaliana jana, na Cyusa mwenyewe alinyoosha mkono kuunga. Maji yakimfikia Patricie, yamekwisha kutufikia sisi sote. Nawashukuru kwa kunivumilia miaka yote hii, na kwa kunisikia leo hadi neno la mwisho.

Patricie, mama, simama. Weka chini hiyo sahani. Mikono yote miwili.