Maman Mélanie na Mayai Yenye Msalaba

Baada ya miaka ishirini na sita ya kulea nyoka wa miti katika kituo chetu cha Muhumba, Maman Mélanie M'Cirhuza anastaafu tarehe 30 Juni. Siku hiyo nchi itasherehekea uhuru wake, naye anadai atasherehekea wa kwake. Hatumwamini. Anaacha mayai kwenye kiangulio, na tunamjua.

Alitujia kutoka kwenye ufugaji wa kuku, Kavumu, na ujuzi wa kuku ndio uliomponza. Tulipopata mayai ya kwanza, aliyageuza kila asubuhi, kama kuku atamiaye anavyofanya kwa mdomo. Kumbe yai la nyoka halitaki kugeuzwa: mtoto hushikamana na upande wa juu, na ukimpindua anafia humo humo. Yote yaliharibika. Alilia mbele ya mkurugenzi bila kujificha, kisha akaomba penseli. Tangu hapo kila yai likitagwa hutiwa msalaba mdogo upande wa juu, na msalaba huo hauangalii chini hadi yai lipasuke. Parokiani kwake ikavuma kwamba anabatiza nyoka. Sisi tukampa jina la Maman Ubatizo, naye akaliitikia kwa kicheko.

Lakini fahari yetu kubwa ni msimu ule umeme ulipokatika mji mzima, na mafuta ya jenereta hayapatikani. Jike letu kutoka Idjwi, la kijani lenye madoa ya samawati, lilikuwa limetaga mayai saba na kufa. Hatukuwa na jingine. Mayai yangepoa, ukoo ule ungeishia mikononi mwetu, na baridi ya Bukavu haina huruma.

Maman Mélanie akakumbuka shimo la kuivishia ndizi nyumbani kwake Ciriri, ambako mumewe, Papa Gracien, hutengeneza kasiksi, pombe ya ndizi. Shimo hilo huwashwa moto, majivu yakatolewa, likatandikwa majani ya migomba, na joto lake hukaa. Dereva wetu Firmin akaleta jeep. Maman akaikataa: mashimo ya barabara yangeyapindua mayai kabla ya kufika Nyawera. Alijitwika sanduku kichwani, kama alivyojitwika mabeseni tangu utoto, akaupanda mlima kwa miguu, shingo imenyooka, nasi nyuma yake kama kwaya iliyosahau wimbo. Huko Kadutu, mteja mmoja alimsimamisha akiuliza bei ya mayai.

"Hii haiko ya kuuzisha, papa," alimjibu, shingo haikutikisika. "Mama yabo alikufa."

Papa Gracien alizikuta ndizi zake nje, zingali mbichi, nazo zilikuwa za kasiksi ya harusi ya mpwa wake. Harusi ilikunywa sucré, soda tupu, na ukweni wanalisema hadi leo. Hata hivyo yeye ndiye aliyepasha mawe ya kupanga pembeni kila joto lilipopungua. Alikuwa ameapa hatalikaribia shimo lile, lakini yai la kwanza lilipochanika, ni yeye aliyekuja mbio kutuita. Mayai sita yalipasuka. Wakatoka nyoka wembamba kama kamba za viatu, wa kijani, kila mmoja na madoa ya samawati ya mama yake. Tulipiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa.

Leo wanafunzi waliokuja na mawe mifukoni huondoka kituoni wakijua kwamba si kila nyoka ni wa kuuawa. Hiyo pia ni kazi yake, na Ornella, aliyefundishwa naye, ataiendeleza.

Mmoja wa wale sita, jike tuliloliita Kasiksi, ametaga mwezi huu. Maman Mélanie aliyatia mayai misalaba kwa mkono wake, nayo yatapasuka akiwa amekwisha kuondoka. Ametuambia wazi kwamba hilo linamuuma. Basi tumekubaliana: ufa wa kwanza ukionekana, Firmin atawasha gari kwenda Ciriri kumleta.

Asante sana, Maman. Tunakutakia nyumba yenye joto, afya njema na ndizi za kutosha kwa kila harusi. Na ukisikia honi ya Firmin, panda jeep bila wasiwasi. Safari hii hubebi kitu kisichotaka kugeuzwa.

Olive, kwa niaba ya wenzako wote