Vituo Viwili kwa Miguu

Vituo viwili kabla ya Mwenge, dada mjamzito, mnene hasa, alimwambia konda amshushe. Bibi wa baibui aliyekutana naye humo humo garini akang'aka, "Si ulisema twashuka wote Mwenge? Kaa, mwanangu! Mie mimba sita nilitulia ndani."

"Bibi, nesi wa kliniki kaniambia kwa uzito huu nitembee nusu saa kila siku. Mimba ya kwanza nililala tu, presha ikanipanda. Hii natembea."

"Ukichoka?"

"Napumzika, naendelea."

Mie niliyekaa kiti cha nyuma yao, ninayepandaga bodaboda hata kwenda duka la jirani, nikatazama dirishani. Gari likasimama. Dada akashuka. Bibi akakusanya baibui lake, akashuka nyuma yake.

"Nipe huo mkoba," nilimsikia akifoka, "na usidhani nimekubali."