Ngoja Hapo, Nachukua Kofia

Wakongwe wenzangu, na akina mama mliobaki na picha ya mzee ukutani, nawasalimu. Mmeitikia vizuri, asanteni. Mtu akiitikiwa salamu anakaa chini na roho safi. Mtaona mbele kwa nini naanza hapo.

Mimi ni mtoto wa Ukambani. Niliingia jeshi nikiwa mwembamba mpaka mshipi ulikuwa unanizunguka karibu mara mbili. Nikapanda cheo, nikawa ofisa, nikakaa mpakani miaka mingi kuliko niliyokaa na mama watoto. Nilipotoka jeshini serikali ikanichukua upande wa usalama. Wengine mnanikumbuka Kajiado, mkubwa mzima, gari ya bendera na bodigadi. Wizi wa ng'ombe, ugomvi wa mashamba, fujo za siku za kura, yote ilikuwa inapita kwa meza yangu. Nikiingia mahali watu wanasimama. Nikikohoa, mtu anaandika. Nacheka sasa, lakini wakati huo niliona ni haki yangu.

Kila asubuhi nikishuka kwa gari, askari wa geti walikuwa wamepanga mstari. Wanapiga saluti, narudisha, naingia ofisini. Siku moja bodigadi wangu akaniuliza polepole tukipanda ngazi, "Mkubwa, hiyo saluti ya mwisho ulikuwa unamrudishia nani?" Nikamwambia ni yule askari wa kando ya ukuta. Kesho yake alienda kusimama pale kando ya ukuta yeye mwenyewe, kimakusudi. Nilimwona yeye, na bega kwa bega na yeye nikaona yule mwingine.

Ndugu zangu, nawaambia, nilimzoea. Alikuwa askari safi, amesimama wima, mkono wa kulia juu, uso umefichwa na kivuli cha mkono. Nikirudisha saluti anashusha mkono, mimi napita haraka niingie ofisini, na siku yangu inaendelea. Nikienda Namanga kwa mikutano ya mpaka, namkuta ameshatangulia, amesimama katikati ya malori. Sikumwambia mtu. Mkubwa wa usalama akisema anaona askari ambaye hayuko, hiyo kazi atapewa mwingine.

Nikastaafu. Nikarudisha gari, nikarudisha bodigadi, nikarudisha na kofia ya kazi. Tukahamia nyumba yetu hapa Noonkopir, Kitengela. Jioni ya kwanza, jua bado liko, nikafungua geti niende kununua maziwa. Alikuwa amesimama nje. Mkono juu.

Kwa wale hawakupita jeshini, wacha nieleze. Mdogo akikupigia saluti, hashushi mkono mpaka wewe mkubwa urudishe. Na mkubwa asiye na kofia kichwani harudishi saluti. Hiyo ilitushika mwilini kwa jasho, huwezi kuitoa. Sasa mimi ni raia, kichwa wazi, na huyu ananingoja. Nikamtikisia kichwa. Hakushusha. Nikarudi ndani bila maziwa.

Alikuwa pale kesho yake, na siku zilizofuata, na ule mkono ukaanza kutetemeka kama wa mtu aliyebeba debe muda mrefu. Soja wetu wa kulinda geti, Mmaasai wa huko Kajiado ndani, hakuwahi kusema ameona kitu. Lakini alihamisha kiti chake upande ule mwingine wa geti. Na ng'ombe wa jirani wakipita kwenda malishoni walikuwa wanajigawa hapo mbele ya nyumba, wengine huku, wengine huku, halafu wanaungana tena. Pale katikati hakuna mti wala jiwe. Nikamsalimia soja kwa Kimaasai, "Supa," akaitikia "Ipa," nikamuuliza ng'ombe wanafanya nini. Akaangalia chini.

"Mzee," akaniambia, "ng'ombe hapendi kukanyaga mtu."

Siku hiyo hiyo niliita fundi wa kuchomelea. Nikafunga geti kabisa, nikatoboa mlango mdogo huko nyuma, upande wa takataka, na sisi wote tukawa tunapitia huko. Niliacha kanisa. Niliacha kunyoa. Mtaniuliza kwa nini sikuvaa tu kofia yoyote nikamaliza hayo mambo. Niliogopa, ndugu zangu. Huku nje hakuna ofisi ya kuingia na kumwacha. Nilijua akishusha huo mkono kuna kitu atafanya baadaye, na sikutaka kukijua.

Tukaishi hivyo. Halafu msichana wetu akapata mchumba, kijana mzuri, wazazi wake ni watu wa Murang'a wanaokaa Laiser Hill. Wakasema wanaleta mbuzi za ntheo. Nyinyi majirani zetu mnajua, kwetu Ukambani bila ntheo msichana hajaolewa, hata akae kwa huyo bwana mpaka azeeke. Na baba mtu lazima awe nyumbani kupokea. Nikamwambia mama watoto hakuna shida, wageni watapitia nyuma.

Alikuwa anachambua maharagwe. Akaweka ungo chini.

"Wakwe wapitie kwa takataka? Na mbuzi?"

"Ni mlango tu."

"Baba, hiyo geti itafunguliwa. Ama ntheo ifanywe kwa kaka yangu, yeye ndiye apokee, na wewe ubaki hapa na huyo mtu wako."

Nikamuuliza ni mtu gani.

"Mimi sijui ni nani," akasema. "Lakini kila jioni unasimama dirishani ukiangalia geti, na mkono wako unapanda peke yake mpaka hapa kifuani. Halafu unaushusha kwa nguvu. Anakaaje?"

Wote hapa tumewaficha wake zetu mambo, tukidhani tunawalinda. Kumbe alikuwa anajua. Nikamwambia. Nguo za jeshi, nikasema. Mkono wa kulia juu. Wa kushoto ameshika taulo.

"Taulo?"

Nikajisikia nikisema tena, taulo, na hapo nikamjua. Miaka yote nilikuwa naiona hiyo taulo na nakataa kuijua.

Alikuwa dereva wangu, nikiwa ofisa kijana. Tulikuwa mpakani, asubuhi, nimeinama kwa karai naosha kichwa. Akaniletea taulo, na kwa vile alikuwa mtu wa mzaha akanipigia saluti ya gwaride, mguu chini puu, akijua siwezi kurudisha, kichwa kimejaa povu. Na mimi nikamjibu kwa mzaha. Nikamwambia, "Ngoja hapo, nachukua kofia." Nikamwacha na mkono juu, anacheka. Nikaingia hemani. Nilikuwa nimeshaishika kofia bomu lilipoanguka pale nje.

Tulimzika kwao. Hakuna aliyenilaumu, na mimi sijilaumu, ile kofia ndiyo ilinitoa pale. Nikapanda cheo, maisha yakaenda. Lakini aliambiwa angoje, wapendwa. Aliambiwa na mkubwa wake, na hakuna mtu alirudi kumwambia imetosha.

Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akasema, "Sasa si umpelekee hiyo kofia?"

Akaenda chumbani, akavuta sanduku la bati, akatoa bereti yangu ya zamani ikiwa imefungwa kwa leso. Akaipangusa na kiganja, akaniwekea mezani karibu na maharagwe.

Siku ya ntheo fundi alikuja mapema akakata geti. Wageni walikuwa wamepiga simu wameshatoka Laiser Hill. Nikanyoa, nikavaa suti, nikavaa bereti. Soja akafungua, halafu akaenda kusimama mbali na sisi.

Alikuwa karibu kuliko siku zote. Mwili mzima sasa ulikuwa unatetemeka, si mkono peke yake, na taulo ilikuwa imelowa, inadondosha maji kwa vumbi ya Kitengela. Magoti yangu ni ya mzee lakini nilitembea kama nilivyofundishwa. Nikasimama mguu sawa. Nikarudisha saluti. Nikamwambia, "Nimerudi na kofia. Umengoja vizuri sana. Shusha mkono uende nyumbani."

Akashusha. Ndipo nikaona uso wake, na ulikuwa unacheka, ule ule mzaha. Halafu akafanya kile kitu nilichokuwa naogopa. Alininyooshea taulo.

Nikaipokea, nikajifuta, maana nilikuwa nalia. Nilipofungua macho hapakuwa na taulo wala mtu. Lakini uso wangu ulikuwa mkavu, na ulikuwa unanukia sabuni.

Mbuzi za ntheo waliingia moja kwa moja bila kuyumba. Msichana wetu ameolewa, na mimi nilikuwepo. Soja alirudisha kiti chake. Ng'ombe sasa wanapita hapo katikati wakitimua vumbi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama watoto, yuko hapo mbele, simama wakuone. Nawashukuru nyinyi mliokuwa mnakuja kuniombea mkipitia mlango wa takataka na hamkunicheka. Namshukuru na daktari wa mambo ya akili, ambaye nilimweleza yote haya na akaniuliza tu kama silali vizuri. Sasa nalala. Funzo langu ni dogo. Sisi tulizoea kusalimiwa, tukadhani heshima ni ile tunapewa. Waliotusalimu wako mahali, na wengine bado wanangoja.

Sasa naketi. Lakini sitaki kuwaficha kitu. Tangu nianze kuongea kuna mmoja amesimama pale mlangoni, nyuma ya viti vya mwisho, mkono juu. Si wangu, wangu alishaenda nyumbani. Huyu ni kijana zaidi, na kwa mkono wa kushoto ameshika kikombe cha chai. Amechoka. Sina ruhusa ya kumrudishia, hakunisalimu mimi. Yule anayemjua asione haya. Bereti yangu hii hapa, naiweka kwa meza.